Mlango wa Jikoni wa Nyumba ya Kadhi

Siku ya kwanza sikulijali lile gari. Hapa kwetu Al Amerat, nje kidogo ya Muscat, Oman, magari husimama ovyo mbele ya nyumba, maana ukuta wetu unatoa kivuli kizuri baada ya Adhuhuri, na watu waliotoka kupanda mlima hupenda kupoza injini. Siku ya pili Millicent alirudi kutupa taka akaniambia, "Mama, ile pikapu ya jana iko hapo tena. Vumbi hadi kwa madirisha. Kuna mzee ndani, na kuna mama amevaa ile kitu ya uso kama mdomo wa ndege. Hawashuki. Wanaangalia geti tu."

"Hiyo inaitwa barakoa," n'kamwambia.

"Barakoa si ya korona?"

"Hii ilikuwepo kabla ya korona na kabla ya bibi yako. Nenda kaangalie wali usiungue."

Millicent ni mtu wa Kisumu, mwaka wa sita huu yuko na sisi, hodari wa kazi na mdomo wake haupumziki. Mimi nilikuwa kwenye mwezi wa tatu wa eda. Mume wangu, Kadhi Msellem, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifariki baada ya maradhi marefu, na tangu siku hiyo sijavuka kizingiti cha nyumba. Siku zangu zilikuwa sala, Msahafu, na kusikiliza Millicent akigombana na masufuria. Nilidhani nimekaa salama.

Siku ya tatu, baada ya Alasiri, kengele ya geti ikalia. Millicent akaenda, akakawia, akarudi huku anajifuta mikono kwenye kanga.

"Ni yule mzee. Kiarabu chake si cha Muscat, lakini nimeshika. Anasema nimwambie mke wa kadhi, yeye ni Hamood wa ngamia. Atakujua, anasema." Akaniangalia. "Ngamia gani sasa, Mama? Na ana ile kisu yenu ya kupinda hapa kiunoni. Mzee mzima, na kisu."

Tasbihi ilinitoka mkononi. Sikuweza kumwambia Millicent afunge mlango. Nilimwonyesha kwa kidole tu, na yeye akafunga, akaweka komeo, akanitizama kwa mara ya kwanza bila ya kusema kitu.

Hamood wa ngamia. Miaka arubaini na saba nilikuwa nnalingoja jina lile.

Namna alivyojua pa kutupata, najua. Siku ya mazishi mwanangu Hatem alisimama kwenye kaburi la baba yake, kama ilivyo kawaida yetu, akasema kwa sauti: "Enyi watu, anayemdai marhumu baba yangu haki yoyote, asinyamaze nayo, aje kwangu, nyumba yetu iko Al Amerat." Mtu mmoja akamrekodi kwa simu, ikatumwa huku na huku, watu wakawa wanamsifu mtoto wa kadhi. Mimi niliposikia nilimsifu pia. Lakini usiku ule ule n'kajiuliza kama huko jangwani nako zipo simu.

Nisimulie tulivyofika huko jangwani.

Msellem alizaliwa Tabora, akasoma dini Unguja, kisha akamalizia Misri. Tuliporudi huku Oman, nchi ya wazee wetu, katika miaka ya sabini, serikali ilikuwa na haja ya watu waliosoma, na yeye akapewa kazi ya ukadhi ukingoni mwa jangwa, miji minne midogo ambayo haina barabara. Nilikuwa na miaka kumi na minane, mke wa miezi mitano. Tulikwenda pamoja kwenye Land Rover, mimi nyuma na magodoro na sanduku la vitabu, mbele dereva na kadhi. Siku tatu mji huu, siku nne mji ule. Mahakama ilikuwa chumba cha ngome, pengine mkeka chini ya turubali. Hatem tangu mdogo akihadithiwa safari hizo humtania baba yake: "Baba, wewe kadhi wa makauboi. Unashuka, unahukumu, unaondoka na vumbi." Marhumu hucheka mpaka kikohozi kimshike.

Lakini hakukuwa na mchezo. Mabedui walikuwa wakimwita Zinjibari, wakikicheka Kiarabu chake, na wengine walikuja mbele yake na bunduki begani. Yeye hakuwa na bunduki. Alikuwa na shuka moja nyeupe na sharti moja. Siku tuliyofika aliniita jikoni, mahali pa moto palipoezekwa makuti nyuma ya nyumba ya serikali, akaniambia:

"Bakhita, watakuja wanawake kwenye mlango huu. Watakuja na samli, watakuja na tende, watakuja na machozi. Usipokee kitu, wala usipokee neno. Mwenye maneno na kadhi ayaseme mbele ya mshindani wake. Aliyekuwepo hapa kabla yangu, kondoo mmoja alifungwa jikoni kwa mkewe, na ukadhi wake ukaisha siku hiyo. Ukipokea neno moja umeniangusha."

N'kamwambia, "Nimesikia." Na kweli nilisikia.

Kesi ya Hamood ilikuja mwezi wa pili. Kijana, maskini, amekamatwa na ngamia jike mwenye maziwa aliyepigwa chapa ya ukoo mwingine shavuni. Chapa kule ndiyo hati. Yeye akasema ngamia si wa wizi, ni maniha: mzee mmoja wa ukoo ule alimwazima amkamue mpaka maziwa yakauke, kisha amrudishe. Ndiyo desturi yao kumsaidia asiye na kitu, na haina karatasi. Lakini mzee yule alikuwa keshakufa, na watoto wake wakasema hawajui maniha wala nini, wanajua chapa yao. Kadhi akamuuliza Hamood, "Una shahidi?" Akasema hana. Akaambiwa hukumu ni kesho.

Siku ile ile, jua likiwa bado kali, mlango wa jikoni uligongwa. Nilifungua kidogo. Alikuwa mwanamke kijana kama mimi, barakoa imempauka, vumbi mpaka kwenye kope, na ameshika kiriba kidogo cha samli. Hakulia. Alisema haraka haraka kama mtu aliyeyakariri njiani: "Mwambie kadhi asihukumu kesho. Angoje siku mbili. Yuko mchungaji alikuwepo mzee alipotoa maniha, nimempelekea mtu, anakuja. Askari wa ngome amenifukuza. Siku mbili tu. Mwambie."

Nilifahamu kila neno. Hilo ndilo ninalotaka lijulikane, kwamba nilifahamu.

N'kaiona ile samli. N'kamwona Msellem ananiambia umeniangusha. Nilifunga mlango. Aligonga tena mara tatu, na mimi nimeegemea mlango kwa ndani, mikono yangu ina unga, sipumui. Kisha nikasikia miguu yake inaondoka.

Kesho yake Adhuhuri Msellem alirudi amechoka, akakaa chini, akasema, "Nimemfunga yule miaka mitatu. Nafsi yangu haikutulia, ndiyo maana mkono sikumkata. Laiti angekuwa na shahidi hata mmoja." Mimi nilikuwa na upawa mkononi. Bado ilikuwepo nafasi. Hamood alikuwa angali ngomeni, gari la kumchukua lilikuwa halijafika. Ningesema neno moja tu. Lakini neno lile lingesema pia kuwa nilifungua mlango, na nilimwogopa mume wangu, na niliogopa turejeshwe kwa aibu. N'kamtilia mchuzi.

Siku ya pili tulihama kwenda mji mwengine. Tuliporudi mwezi wa baadaye, mabedui walikuwa wamefuata mvua, hakuna mchungaji wala mwanamke.

Na mwaka huu, Msellem akiwa kitandani katika chumba hiki ninachoandikia, alinishika mkono akaniuliza, "Bakhita, unamkumbuka mtu wa ngamia? Sijui kama nilimdhulumu. Laiti ningengoja." N'kamwambia, "Kunywa maji." Alikunywa. Baada ya siku nane alifariki.

Basi, wewe unayesoma, sasa unajua kwa nini tasbihi ilinitoka mkononi.

Jioni ile Hatem alirudi kutoka bandarini Mutrah, anakofanya kazi ya kupokea meli za watalii, na Millicent akamwambia yote kabla hajavua viatu. Akaja kukaa karibu yangu.

"Mama, huyu mtu wa ngamia ni nani?"

"Mmoja katika watu wa kesi za baba yako."

"Basi aingie."

"Asiingie."

"Kwa nini?"

"Mimi niko eda."

"Mimi siko eda, Mama." Akacheka, kisha akaona uso wangu. "Mimi mwenyewe nilisema makaburini aje mwenye haki. Sikusema isipokuwa mwenye ngamia."

"Ana jambia."

"Wazee wa kule wote wana majambia. Wanalala nayo."

"Hatem, baba yako alimfunga miaka mitatu. Mtu haendi masafa yale yote kuja kunywa kahawa."

Akageuka akatazama geti. Nikaona nimemwingiza hofu, n'kafurahi, Mungu anisamehe. Nilisema hofu yangu ni jambia, na kweli niliiogopa, nilimwona akilini Hatem amelala kwenye zulia la majlisi, chumba chetu cha wageni, na kanzu yake imeloa damu. Lakini chini ya hofu hiyo ilikuwepo nyengine kubwa zaidi: kwamba mzee yule hatafanya chochote kwa mkono wake, atafungua mdomo tu.

Hatem akasema, "Ijumaa baada ya Alasiri nitamkaribisha. Ningemkimbia, lile neno langu la makaburini lingekuwa la nini?" Na kwa ukaidi ule ule wa baba yake akatoka mpaka kwenye pikapu akamwambia.

Siku mbili zile sikula. Nilimwambia Millicent afunge mlango wa jikoni kwa ufunguo hata mchana, na yeye akawa anazunguka nyumba nzima kwenda kutupa taka, akilalamika. "Mama, huyo mzee hata kutembea hawezi. Nikimsukuma na ufagio anaanguka. Wewe unaogopa nini?" Nilisali. Kila nikisujudu nilitaka kuomba asije, lakini ulimi haukwenda, maana nilijua nnaomba haki ya mtu ipotee mara ya pili. N'kawa naomba tu, "Ya Rabbi," na kunyamaza hapo.

Ijumaa, mlango wa majlisi ulifunguka, nikasikia fimbo kwenye vigae. Nilikaa chumba cha pili, pazia katikati, kiti nimekiegemeza ukutani nisianguke. Millicent alipitisha halwa na kahawa. Hatem alisema maneno ya kukaribisha, mzee akayajibu yote, hali, habari, watoto, mvua, taratibu kabisa, mpaka nikataka kupiga ukelele amalize.

Kisha nikasikia kitu kizito cha chuma kinawekwa juu ya meza.

"Hii jambia nimeivua," Hamood akasema. "Sikuja na damu. Mimi ni mtu wa kufa, figo zangu zimekwisha. Nimekuja na suala moja. Nilikuwa na shahidi, na habari yake ilifikishwa kwenye nyumba ya baba yako kabla ya hukumu. Kadhi alijua au hakujua? Kama alijua akaificha, mimi simsamehi, tutasimama naye mbele ya Mola wetu. Kama hakujua, nimsamehe hapa hapa nirudi kwetu."

"Baba yangu hakujua," Hatem akasema. "Nnaapa kwa—"

"Usiape! Ulikuwa hujazaliwa. Unaapia nini?"

Mtoto wangu hakuwa na la kusema, na baba yake alikuwa ardhini, na la kusema nilikuwa nalo mimi.

Hapo mlango wa jikoni ukagongwa.

Mara tatu. Niliujua ugongaji ule wa vidole. Millicent akaniangalia kutoka ukumbini, ufunguo mkononi, akauliza kwa midomo tu: nifungue? Nilitaka kukataa. Nikafikiri, nikikataa na hii, nitakufa nimeuegemea mlango ule. Nikatikisa kichwa, ndiyo.

Alikuja polepole, ameshika ukuta. Mwanamke mkongwe, barakoa imempauka, na mkononi kidumu cha plastiki, njano ndani yake. Samli. Alisimama mbele yangu akanitazama kwa muda mrefu.

"Mimi Nasriya, mke wa Hamood," akasema. "Ulikuwa mwembamba."

"Ndiyo."

"Nilikwambia siku mbili. Ulimwambia?"

Majlisini vikombe viliwekwa chini. Nilijua Hatem anasikia. Nilijua nikisema, sitakuwa tena yule mama ambaye Hatem alimbusu kichwa asubuhi ile kabla ya kutoka. Nilipofungua mdomo sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, ikavuka pazia.

"Sikumwambia. Kadhi hakujua. Alinikataza kupokea neno mlangoni, na mimi nilifahamu neno lako nikafunga. Kesho yake aliniambia laiti angekuwepo shahidi, nikanyamaza. Mwaka huu, anakufa, aliniuliza, nikanyamaza. Hakujua mpaka anaingia kaburini. Dhulma ni yangu."

Nyuma ya pazia ikaja sauti ya mzee: "Basi kadhi nimemsamehe. Shuhudia, mtoto wa Msellem. Nimemsamehe duniani na akhera." Na alilia, mzee yule, kwa kishindo, kama mtu aliyetua mzigo.

Nililia na mimi, nikadhani limekwisha. Nikanyoosha mkono kwa Nasriya. Hakuupokea.

"Yeye amemsamehe kadhi," akasema. "Mdai wako ni mimi."

Akakaa kitako juu ya zulia, akaweka kidumu kati yetu.

"Nilikuwa na watoto pacha, na maziwa yangu yalikauka. Yule ngamia ndiye aliyekuwa akiwanyonyesha. Walipomchukua, mmoja aliishi. Yuko nje ya nchi, ana wajukuu. Mwengine nilimzika kabla ya mwezi kuandama. Alikuwa anaitwa Fajr."

Hilo nilikuwa silijui. Miaka yote hiyo nilikuwa nnahesabu kifungo cha miaka mitatu, nnasema, ametoka, ameoga, amekula. Sikujua kuwa ulikuwepo mtoto. Hofu niliyokuwa nayo mpaka dakika ile ilikuwa ya kukamatwa. Hii iliyokuja ilikuwa nyengine, na haina mahali pa kukimbilia.

"Nisamehe," nikasema.

"Leo sikusamehe."

"Nifanye nini?"

"Sijui. Mimi si kadhi." Akajishika goti akainuka. Millicent akamsaidia, akikwepa kunitazama. Mlangoni nikamwambia, "Nikitoka eda nitakuja kwako. Nitakuja mpaka kwako."

"Kwetu ni mbali. Lami inaisha."

"Nitakuja."

Akanigeukia, na nyuma ya barakoa sikuweza kuona kama amekasirika au vipi. "Ukifika, gonga," akasema. "Tutaona kama nitafungua."

Kile kidumu alikiacha. Sikukigusa. Millicent aliuliza mara moja tu, "Mama, hii tutapikia?" nikamwambia hapana, na tangu siku ile kimekaa pale karibu na mlango wa jikoni, ambao haufungwi tena kwa ufunguo.

Hatem hakunisemesha kwa siku tano ila salamu. Siku ya sita alikuja na picha ya baba yake iliyokuwa majlisini, amevaa joho, akaifuta vumbi kwa kanzu yake, akairudisha ukutani. Wiki zimepita, na jana nilipomwambia eda yangu inakwisha Jumatano, alizichukua funguo za gari akazigeuza geuza mkononi. Nikasema, kama hutaki nitamtafuta dereva.

"Tutaondoka saa ngapi?" akauliza.

"Baada ya sala ya Alfajiri."

"Nitajaza petroli Jumanne."

Leo ni Jumapili. Nimepanga nguo zangu mbili na Msahafu kwenye mfuko mdogo, pamoja na kile kidumu nitakachomrudishia, maana siwezi kukifungua kabla hajafungua yeye mlango wake. Nnaogopa. Nimeketi nnautazama mkono wangu wa kulia, vidole hivi, nafikiri namna ya kugonga mlango mtu akusikie bila ya kumshtua, na namna ya kusimama nje, kwenye jua, kama ukikaa bila ya kufunguliwa.